Moyo wa Askari: Wasiwasi Ulivyotafutwa Kifuani

Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Marekani, vilivyodumu kutoka 1861 hadi 1865, hospitali ya kijeshi ya Turner's Lane mjini Philadelphia ilipokea askari waliowatatiza madaktari. Hawakuwa na jeraha la risasi. Walilalamikia moyo uliokwenda mbio hata wakiwa wamelala, maumivu ya kifua, pumzi fupi, kizunguzungu na uchovu usiokwisha. Daktari aliyewachunguza kwa makini ni Jacob Mendes Da Costa. Mwaka 1871 alichapisha makala kuhusu wagonjwa zaidi ya 300 wa namna hiyo, na hali yao akaiita moyo uliochokozeka.

Da Costa alisikiliza vifua, akahesabu mapigo, akauliza historia ya kila mmoja. Wengi walikuwa wamepata homa au kuharisha kabla ya dalili kuanza. Wengine walikuwa wamechoshwa na safari ndefu za miguu na mizigo ya vita. Aliwaagiza mapumziko, akawapa dawa itokanayo na mmea wa digitalis. Katika hospitali hiyohiyo Silas Weir Mitchell alikuwa akichunguza majeraha ya neva. Hata hivyo, hofu yenyewe, ile ya mtu aliyekaa miezi akingojea kuuawa, haikupewa nafasi kubwa katika maelezo ya Da Costa. Moyo ndio uliolalamikiwa, basi moyo ndio uliotibiwa.

Huko Uingereza kosa lilitafutwa mbali zaidi. Mwaka 1870 daktari wa jeshi Arthur Myers aliandika juu ya wingi wa maradhi ya moyo miongoni mwa askari, na lawama akaitupia sare: nguo na mikanda iliyobana kifua ikaunyima moyo nafasi ya kufanya kazi. Maelezo hayo yalikuwa na faraja yake. Mkanda unaweza kulegezwa, na askari anayeumizwa na mkanda hana aibu ya kuitwa mwoga.

Aibu hiyo ndiyo inayoieleza historia hii kuliko kitu kingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, moyo wa askari ulirudi hospitalini kwa maelfu. Jeshi la Uingereza lilitenga hospitali maalumu, kwanza Hampstead na baadaye Colchester, ambako Thomas Lewis aligundua kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawakuwa na kasoro yoyote ya moyo. Aliacha kuwalaza kitandani, akawaanzishia mazoezi ya viungo yaliyoongezwa hatua kwa hatua, na kwa wengi mazoezi hayo yaliwafaa kuliko mapumziko. Jina nalo alilibadili, likawa la ugonjwa unaojitokeza mwili unapojitahidi. Bado halikuwa jina la hofu.

Wakati huohuo, wanaume wa jeshi hilohilo walikuwa wakisimamishwa alfajiri mbele ya bunduki za wenzao. Wengi walihukumiwa kwa kutoroka, wachache kwa woga. Kati ya askari aliyepelekwa Colchester na yule aliyepelekwa mahakamani, tofauti wakati mwingine ilikuwa mahali hofu ilipotokea: ikijificha kifuani iliitwa maradhi, ikishuka miguuni ikaitwa uhalifu. Na wako ambao hofu yao haikupata jina lolote. Vita hivyo vilipiganwa Afrika ya Mashariki pia, kwa mabega ya wapagazi ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Hakuna aliyewajengea hospitali ya moyo.

Maelezo yaliyokosekana yalikuwa yakiandaliwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard. Walter Cannon alianza kwa kuchunguza tumbo la paka kwa eksirei, akaona kwamba mnyama akisumbuliwa tu, tumbo linaacha kusukuma chakula. Baadaye aliichunguza damu ya paka waliotishwa na mbwa anayebweka, na ndani yake akakuta dalili za kemikali itolewayo na tezi zilizo juu ya figo. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alionyesha jinsi vipande hivyo vinavyoungana. Mbele ya hatari moyo huongeza kasi, damu huelekezwa kwenye misuli, sukari humwagwa katika damu, na usagaji wa chakula husimama. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Kwa maelezo hayo moyo wa askari haukuwa mgonjwa. Ulikuwa ukitimiza wajibu wake kwa adui ambaye hayupo tena, au kwa adui ambaye askari hakuruhusiwa kumkimbia. Mwaka 1941, katikati ya vita vingine, daktari wa moyo Paul Wood alilisema jambo hilo wazi jijini London. Chanzo, alieleza, ni hofu, na hofu hiyo hujilisha yenyewe: mtu husikia moyo wake ukidunda, huamini anakufa, na imani hiyo huuongezea moyo mbio. Daktari anayemwambia kwamba moyo wake ni dhaifu humfungia mlango wa kutokea.

Wazo kwamba mwili na nafsi huugua pamoja halikuzaliwa Harvard wala London. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya miili na nyingine ya afya ya nafsi, akisisitiza kwamba maumivu ya upande mmoja huufikia mwingine. Miongoni mwa maradhi ya nafsi alitaja hofu na waswasi, ule mnong'ono wa ndani usiomwachia mtu fikra zake. Alishauri mtu aweke akiba ya mawazo mema siku za utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Neno hilo la Kiarabu ndilo wasiwasi wa Kiswahili, ila kwa Waswahili limepanuka likabeba kila aina ya mashaka. Kando yake lugha ina msamiati wa mwili: roho juu, tumbo joto, kijasho chembamba. Tumbo la msemo huo na tumbo la paka wa Cannon haviko mbali. Lakini msamiati huo una hatari yake pia. Mgonjwa wa Kiswahili akiwa Birmingham au Maskati anaposema moyo wake hautulii, mkalimani anaweza kuipeleka kauli hiyo moja kwa moja kwa daktari wa moyo, na safari ya Da Costa ikaanza upya: vipimo safi, mgonjwa asiyeridhika, na hofu ambayo hakuna aliyeiulizia. Kosa si la msemo. Msemo umetaja mahali panapouma, nao ukasimamia hapo. Kuuliza kilichotangulia ni kazi ya msikilizaji.

Methali husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni methali inayomtetea mwenye hofu, kwa kuwa yeye ndiye anayerudi nyumbani hai. Kwa askari 306 waliouawa na jeshi lao wenyewe iligeuka: waliitwa waoga au watoro, na kwao kilio kilikwenda bila heshima ya shujaa. Uingereza iliwasamehe kwa sheria ya mwaka 2006, takriban miaka 90 baadaye. Sheria hiyo ilieleza kwamba msamaha haufuti hatia wala hukumu waliyopewa.