Supu Isiyo na Siri

Siku hizi nasoma sana historia ya sayansi, na kuna jambo limenikaa kichwani: mapinduzi mengine yalianzia jikoni. Jiko lenyewe ni la maabara, walaji ni bakteria.

Zamani bakteria walikuzwa kwenye supu ya nyama. Walistawi kweli kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua yote yaliyomo ndani yake. Je, bakteria amejitengenezea vitamini mwenyewe, au kazikuta tayari kwenye supu? Huwezi kujua.

Mwaka 1860, Louis Pasteur aliilisha hamira sukari, chumvi ya amonia na majivu ya hamira. Afadhali, lakini majivu nayo yana mengi. Mwaka 1869 mwanafunzi wake, Jules Raulin, aliyaacha majivu, akapima chumvi moja moja kwa ajili ya ukungu mweusi. Akiondoa zinki, ukungu unadumaa. Kumbe kiumbe hai anahitaji zinki!

Sasa njoo Yale, Marekani, mwaka 1946. Joshua Lederberg, kijana wa miaka 21 aliyesimamisha masomo ya udaktari, anauliza pamoja na Edward Tatum: bakteria hujigawa tu, au hubadilishana jeni? Walichukua aina mbili za E. coli zenye kasoro. Kila moja ilishindwa kujitengenezea virutubisho vitatu, tofauti na vya mwenzake. Wakazichanganya, wakaziosha, wakazipanda kwenye chakula ambacho kila kilichomo kinajulikana: glukosi na chumvi chache, basi. Hakuna aina iliyoweza kuishi hapo peke yake. Lakini baada ya kuchanganywa, takriban seli moja katika kila milioni 10 iliota. Ilikuwa imerithi jeni nzima kutoka pande zote mbili.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Kwenye supu ya nyama wote wangekula wakashiba, na hao wachache wasingeonekana kamwe. Njaa iliyopimwa ndiyo iliyowafichua.

Mwaka 1958 Lederberg, akiwa na miaka 33, alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tatum na George Beadle.

Usidhani ni mambo ya maabara tu. Kubadilishana jeni huko ni mojawapo ya njia ambazo usugu wa dawa huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Dawa ikigoma hospitalini, wakati mwingine chanzo ni hicho.