Bi Kidude: Binti wa Rupia, Mrithi wa Ng'ambo

Kila alipoulizwa umri wake, Fatuma binti Baraka, aliyevuma duniani kwa jina la Bi Kidude, alirudi kwenye rupia. Alizaliwa, alisema, zama rupia ingali fedha ya Unguja, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waandishi wakachukua maneno hayo wakampa miaka mia, wengine mia na ushei. Lakini ushahidi wa rupia ni mwepesi. Sarafu hiyo ilidumu Zanzibar mpaka mwisho wa mwaka 1935, na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake tarehe 1 Januari 1936. Aliyezaliwa 1910 na aliyezaliwa 1930 wote ni watoto wa rupia. Sina shaka kwamba alikuwa mkongwe wa wakongwe. Ninacholalamikia ni kwamba hesabu ya miaka imekula karibu kila makala iliyoandikwa juu yake, na swali la alikotoka limebaki mlangoni likibisha hodi.

Alitoka Mfagimaringo, kijiji cha shamba, kwa baba aliyeuza nazi. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na wazee waliouonja walikuwa bado hai. Wengi wao na watoto wao walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya nyumba za udongo. Huko walikutana Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wamanyema na wenyeji wa kisiwani, kila kundi na ngoma zake. Hawakuwa na majumba wala mashamba ya karafuu, ila heshima waliitafuta, na wanawake waliitafuta zaidi katika ngoma, mavazi na nyimbo.

Kigezo chao kilikuwa Siti binti Saad. Naye alitoka shamba, Fumba, akiuza vyungu, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa burudani ya jumba la Sultani. Seyyid Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim kujifunza muziki Misri, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika hilo.

Fatuma alikuwa binti mdogo jina la Siti lilipokuwa midomoni mwa kila mtu. Alisimulia kwamba alikuwa akitoroka chuo cha Kurani kwenda kuwasikiliza waimbaji, na kwamba alizishika nyimbo za Siti kwa kusikia tu. Kusoma na kuandika hakujua, jambo ambalo halikumpunguzia kitu, maana kichwa chake kilikuwa daftari tosha. Alipolazimishwa kuolewa akiwa bado kigoli, alikimbilia bara. Huko alizunguka akiimba, mara nyingi kwa miguu, na Dar es Salaam akaimba na kundi la taarabu. Aliporudi Unguja, katika miaka ya 1940, alijipatia nyumba yake ya udongo Ng'ambo. Mwanamke kumiliki nyumba kwa jasho la koo lake halikuwa jambo dogo.

Ila taarabu peke yake isingemlisha. Kazi iliyomfanya Bi Kidude kuwa Bi Kidude ni unyago. Alikuwa kungwi. Mwari akishavunja ungo, alipelekwa kwa mikono kama yake, akachezwa. Alifundishwa usafi, hedhi, mambo ya chumbani, namna ya kuishi na mume na namna ya kutokubali kuonewa naye. Masomo yalipita kwa ngoma, kwa nyimbo zenye mafumbo na kwa viuno, na wanaume hawakuruhusiwa hata kuchungulia. Bi Kidude aliupiga msondo akiwa amesimama, ngoma ndefu imefungwa kiunoni kwa kanga, yenyewe katikati ya miguu yake. Juu ya hayo alichemsha dawa za miti shamba na kutengeneza hina na wanja. Hizi zote ni kazi zinazolipwa, na mlipaji ni mwanamke mwenzake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsimulia kama muasi aliyevunja mila. Alivuta sigara hadharani, alikunywa pombe katika mji wa Waislamu wacha Mungu, hakuzaa, wala hakukaa chini ya mume. Mwingine angetengwa. Yeye hakutengwa kwa sababu, kwa maoni yangu, mila yenyewe ilimhitaji. Utamtenga vipi aliyemcheza binti yako, na pengine wewe mwenyewe ulipokuwa mwari? Uhuru wake ulilindwa na ufundi wake, na ufundi huo aliupata kwa wanawake wa Ng'ambo waliomtangulia.

Dunia ilichelewa kumjua. Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri na kundi la Mohamed Ilyas, akafika Ulaya na Japani. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX nchini Uingereza, na mwaka uliofuata filamu ya Andy Jones, As Old as My Tongue, ikamtembeza zaidi. Katika tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe ilikuwa ikisimama nzima mara tu anapopanda jukwaani na msondo wake. Si wote waliofurahi. Wapo kina bibi waliouliza kwa nini siri ya ndani ichezwe mbele ya wanaume na kamera, na swali lao lina uzito: unyago uliotolewa nje unapoteza nusu ya kazi yake. Lakini asingeutoa, nani nje ya Unguja angejua kwamba upo?

Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, na umati wa watu ukamzika.

Santuri za Siti zilimkuta mwimbaji angali na nguvu zake. Rekodi za Bi Kidude tulizonazo karibu zote ni za uzeeni, na sauti ya yule binti aliyezunguka bara hatuna. Mfano mzuri ni wimbo wa Kijiti, aliourithi kwa kundi la Siti. Unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetolewa matembezini na kuuawa, muuaji akakimbilia bara. Siti na wenzake walipouimba ilikuwa habari ya mjini, na wasikilizaji walijua nani kaua na nani kalia. Bi Kidude aliuimba wahusika wote wakiwa wameshazikwa, kwa koo lililokwaruzwa na tumbaku, mara nyingi mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Mimi naona katika koo hilo ndimo hasira ya wimbo ilimoiva, ingawa wapenzi wa Siti watanibishia.