Mstari wa Maji

Meli nyingi za mwanzo za Ziwa Victoria zilikuja kwa vipande. William Mackinnon iliundwa Scotland, vipande vyake vikapelekwa Mombasa, vikahangaika njiani miaka kadhaa, na hatimaye meli ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, nayo ilisafirishwa vipande vipande, safari hii kwa reli. Huko Kigoma, Graf von Goetzen iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, iliwasili masandukuni. Wajerumani walipoizamisha kwa mikono yao mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Hadithi hiyo nilipenda kuwasimulia wanachuo wangu, maana wengi wao walidhani kupaka ni kurembesha tu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu upande wa Shinyanga. Zana za kufundishia tulijitengenezea, kama ilivyotakiwa tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Wenzetu wa Ulaya walikuwa na vipande vya plastiki vya kununua dukani, mathalani ndege ya Spitfire ambayo kampuni ya Airfix iliitoa mwaka 1953, na vikopo vidogo vya rangi yake. Sisi tulikuwa na mbao nyembamba za masanduku ya chai, spoki za baiskeli, na kopo moja la rangi nyeupe ya mafuta lililobaki baada ya kupaka milango.

Mwaka 1994 kijana mmoja wa Geita, ambaye baba yake alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu mpaka ulipofungwa mwaka 1966, aliunda meli ya abiria. Sentimita 1 ilisimama badala ya mita 1. Nyufa alizijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akapiga msasa, akapangusa vumbi, akapiga msasa tena. Yeyote aliyekaa Shinyanga mwezi Agosti anajua vumbi letu. Yeye alipaka alfajiri, baada ya kunyunyiza maji sakafuni, kisha akaifunika kazi yake kwa sanduku.

Nilimwuliza kwa nini anapaka nyembamba hivyo.

"Mwalimu," akasema, "kwa kipimo hiki rangi yenye unene wa milimita 1 ni ukuta wa sentimita 10 kwenye meli yenyewe. Madirisha yatazibwa."

Nilikuwa na stashahada na miaka ishirini kazini, na jambo hilo sikuwa nimelifikiria.

Ndipo akaanza kuichakaza. Masizi aliyayeyusha kwa mafuta ya taa, akayaacha yatiririke kwenye maungio ya mbao. Burashi aliifuta kwa kitambaa mpaka ikakaribia kukauka, akaipitisha juu ya kingo tu, zikang'aa kama chuma kilichosuguliwa na kamba. Kutu aliifanya kwa udongo mwekundu na gundi ya mgunga. Ubavuni alichora alama ya shehena, ile ambayo Samuel Plimsoll aliipigania hadi sheria ya Uingereza ya mwaka 1876 ikailazimisha, ili meli isipakiwe kupita kiasi. Juu ya alama hiyo, kwa upana wa punje ya mchele, akapaka ukoga wa kijani.

Nikamwambia amekosea, ukoga unakaa chini ya mstari.

"Shikamoo yako, Mwalimu, lakini ndivyo ninavyoviona vyombo tunavyopanda."

Hakukosea. Mimi mwenyewe nilishavuka ziwa nimesimama mguu mmoja kwa kukosa nafasi ya wa pili. Lakini wageni wa wizarani walikuwa waje Ijumaa. Nikaagiza meli yote ipakwe nyeupe. Hakubisha. Alipaka mikono miwili, minene, na madirisha yakazibwa kama alivyosema. Wageni waliisifu sana. Mmoja akauliza kama tuliinunua.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430; waliokufa pekee walizidi 800. Sisemi kwamba kielelezo cha mwanachuo kingemwokoa mtu. Ila juma lile, redio ikitaja idadi ya maiti, nilikwenda stoo nikaishusha meli ile kutoka rafuni.

Nilichukua wembe na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikajaribu kuitoa ile nyeupe ubavuni. Ingekuwa rangi ya mafuta chini na juu, labda ningebahatika. Lakini udongo uliogandishwa kwa gundi haushiki kama rangi. Kila ganda jeupe lilipobanduka lilibeba kutu, likabeba ukoga, likabeba na alama ya Plimsoll. Baada ya saa nzima nilikuwa na mbao tupu, na maandishi ya Kiingereza ya kampuni ya chai.

Yeye wakati huo alikuwa anafundisha shule ya msingi upande wa Geita. Nilimwandikia barua. Alijibu kwa adabu, akanisalimia mimi na mama watoto, akauliza mvua, akaomba makopo mawili ya rangi kwa ajili ya darasa lake. Kuhusu meli hakuandika neno. Nilimpelekea makopo manne.