Jaa, Biwi na Mbolea: Historia ya Neno la Wakulima

Neno jaa limepunjwa na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inalieleza kuwa ni mahali pa kutupia takataka, na msomaji wa leo haoni tofauti yake na jalala. Kwa mkulima wa Kisarawe au Kibaha maelezo hayo ni nusu tu. Katika nchi hiyo ya Wazaramo ndorobo walizuia ufugaji mkubwa wa ng'ombe, hivyo samadi ilikuwa adimu. Ardhi ya kichanga iliyozunguka nyumba ilirutubishwa kwa majivu, maganda ya mihogo, mavi ya kuku na taka za kufagia ua. Vyote vilikwenda jaani, vikaoza, na maboga na mipapai vikaota papo hapo bila kupandwa.

Jaa si biwi. Biwi ni lundo la magugu na matawi yaliyofyekwa shambani, na mwisho wake ni moto. Jaa liko nyuma ya nyumba, na kazi yake ni kuozesha.

Asili ya neno ni Kibantu. Kichewa kina dzala na Kizulu kina izala, yote kwa maana ya lundo la taka au majivu. Kiswahili kilidondosha /l/ kati ya irabu, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo Kizaramo huiita nzala. (Kufanana kwa jaa na njaa ni bahati ya sauti tu, ingawa mkulima ana haki ya kulitilia shaka jibu hilo.) Mbolea nayo yaelekea kutokana na mzizi wa kale *-bod-, 'oza', uliozaa pia -bovu, nazali ndiyo iliyoihifadhi /b/ yake. Samadi ni Kiarabu.

Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha mradi wa Kibaha uliojumuisha mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Lugha ya ugani nchini ilizoea mbolea ya chumvichumvi, kisha mboji na mbolea vunde. Jaa halikualikwa, japo lilikwisha kutaja jambo lilelile. Hasara hiyo si ya msamiati pekee: mwenye ujuzi wa jaa alifundishwa uozeshaji kana kwamba ni jambo geni kwake. Wakati huohuo plastiki, isiyooza, ilikuwa ikiingia katika lundo la nyuma ya nyumba, na hilo kweli ni jalala.