Picha Isiyo na Tarehe: Somo la Historia kutoka Mtaa wa Vikaragosi

Katika semina yangu ya mbinu za utafiti wa historia, kila mwanafunzi hutakiwa kuleta kumbukumbu moja ya picha au sauti na kuieleza: nani aliitengeneza, wapi, lini, na kwa madhumuni gani. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alileta kipande cha video cha dakika mbili kutoka Sesame Street, kile kipindi mashuhuri cha watoto cha Marekani chenye vikaragosi. Mwanamume Mweusi anazungumza na watoto wa rangi mbalimbali mbele ya nyumba za mtaani, kwa utulivu, kana kwamba hakuna jambo la kawaida zaidi ya hilo duniani. Aliyekiweka kipande hicho mtandaoni alikiandikia "1984". Mwanafunzi naye akaandika 1984.

Nilimwambia kwamba tarehe hiyo haiwezekani, kwa kuwa mwigizaji yule aliacha nafasi hiyo mwaka 1972. Akaniuliza: "Sasa, Dokta, hiki si kipindi cha watoto tu? Iwe 1970 au 1984, kuna tofauti gani?" Darasa likacheka. Nilimjibu kwa ufupi, maana muda ulikuwa umekwisha. Makala hii ni jibu langu kamili, kwake na kwa yeyote anayedhani kwamba tarehe ni pambo la pembeni ya picha.

Sesame Street ilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969. Ilitengenezwa na taasisi iliyoitwa Children's Television Workshop, iliyoanzishwa mwaka 1968 na Joan Ganz Cooney pamoja na Lloyd Morrisett. Fedha za kuanzia, takriban dola milioni 8, zilitoka serikalini na kwenye mifuko ya hisani kama vile Carnegie na Ford. Lengo lilikuwa la kisera waziwazi: kumwandaa mtoto wa umri wa kabla ya shule, hasa wa familia maskini za mijini, ili asianze darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake. Vikaragosi vilibuniwa na Jim Henson na wenzake. Msimu wa kwanza pekee ulikuwa na vipindi 130, kila kimoja cha saa nzima.

Hapo ndipo ugumu wa kubainisha tarehe unapoanzia. Saa hiyo moja haikurekodiwa kwa mkupuo. Palikuwa na maonesho ya mtaani, yaliyoigizwa na watu pamoja na vikaragosi wakubwa, na katikati yake vikachomekwa vipande vifupi: katuni, filamu fupi, na michezo ya vikaragosi kama Bert na Ernie. Vipande hivyo viligharimu fedha nyingi, na walimu walioshauri kipindi waliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kurudiarudia. Kwa hiyo kipande kilichorekodiwa mwaka 1970 kingeweza kurushwa tena mwaka 1975, na tena katika miaka ya 1980. Mtu aliyekirekodi nyumbani kwenye kanda ya video mwaka 1984 aliandika juu ya kasha "1984", wala hakusema uongo. Aliandika tarehe ya kurushwa. Mwanahistoria anataka pia tarehe ya kutengenezwa. Kati ya tarehe hizo mbili mna pengo la miaka kumi na minne, na ndani ya pengo hilo mwanafunzi wangu alitumbukia.

Wapo watu waliojitwika kazi ya kuziba mapengo hayo. Ni mashabiki wa kawaida, wengi wao waliokua wakikitazama kipindi hicho, na hawalipwi. Hukusanya vipande, huvilinganisha, hubishana, kisha huandika: kipande hiki ni cha msimu fulani, na sababu ni hizi. Nimefuatilia hoja zao kwa muda, nami nakiri kwamba nidhamu ya baadhi yao ingewatahayarisha watahiniwa kadhaa wa shahada za juu niliowahi kusoma kazi zao.

Silaha yao ya kwanza ni ushahidi wa ndani ya picha. Oscar, kikaragosi mkorofi anayeishi ndani ya pipa la taka, alikuwa na manyoya ya rangi ya chungwa katika msimu wa kwanza, kisha akawa wa kijani. Ukimwona wa chungwa mtaani, upo kati ya Novemba 1969 na katikati ya mwaka 1970. Mhusika aitwaye Gordon aliigizwa na watu watatu kwa kufuatana: Matt Robinson hadi mwaka 1972, Hal Miller hadi mwaka 1974, na baada yake Roscoe Orman. Sura ya Gordon, basi, ni kalenda. Maria na Luis, wahusika wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliingia mwaka 1971 na wakafunga ndoa katika kipindi cha Mei 1988. Susan, mke wa Gordon, alianza akiwa mama wa nyumbani. Watetezi wa haki za wanawake walilalamika, naye akapewa kazi ya uuguzi. Hata sare ya kazi, kwa hiyo, inaweza kutaja mwaka.

Silaha ya pili ni kuweka mipaka. Wanahistoria tunapokosa tarehe kamili hujiuliza: jambo hili haliwezi kuwa kabla ya lini, wala baada ya lini? Chukua kisa cha Snuffleupagus, kikaragosi mkubwa mwenye mkonga, rafiki wa yule ndege mkubwa wa manjano, Big Bird. Kwa miaka mingi watu wazima wa mtaani hawakumwona, wakamchukulia Big Bird kuwa anabuni tu. Tarehe 18 Novemba 1985 walimwona kwa mara ya kwanza. Watengenezaji walifanya hivyo kwa makusudi. Wakati huo habari za watoto kunyanyaswa zilikuwa zimeanza kusemwa hadharani nchini Marekani, nao walihofu kwamba mtoto anayeona Big Bird haaminiki miaka nenda miaka rudi angejifunza kwamba hana haja ya kumweleza mtu mzima yaliyomsibu. Kwa hiyo kipande chochote ambamo mtu mzima anamsalimu Snuffleupagus uso kwa uso kimetengenezwa wakati wa uamuzi huo au baada yake. Nyuma ya kikaragosi kuna mjadala mzito wa kijamii, na tarehe ndiyo mlango wa kuufikia.

Silaha ya tatu ni ushahidi wa nje: ratiba za televisheni katika magazeti ya zamani, namba za vipindi, na nyaraka za taasisi yenyewe, ambazo sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Maryland. Kila kipindi kilitangazwa kuwa "kimedhaminiwa" na herufi na tarakimu fulani, mzaha wa kuiga matangazo ya biashara. Mzaha huo leo ni alama ya utambulisho. Ukijua herufi na tarakimu za siku hiyo, unaweza kukiunganisha kipande na karatasi.

Hata hivyo, nidhamu hiyo ina mitego yake. Will Lee, aliyeigiza muuza duka Bwana Hooper, alifariki Desemba 1982. Watengenezaji walikataa kumtafuta mbadala, na walikataa pia kuwaambia watoto kwamba amehama. Tarehe 24 Novemba 1983 walirusha kipindi ambamo Big Bird anaelezwa kwamba Bwana Hooper amekufa na hatarudi. Lakini katika televisheni marehemu huonekana tena kila kanda inaporudiwa. Anayetegemea tarehe ya kurushwa peke yake anaweza kumkuta Bwana Hooper akitembea baada ya maziko yake mwenyewe.

Mtego mwingine ni kumbukumbu za vichwani. Mwaka 1975 ilirushwa katuni fupi ya msichana anayeona nyufa za ukuta zikigeuka wanyama. Baadaye haikuonekana tena, na kwa miaka mingi watu waliokua walihadithiana kuihusu huku wengine wakiwadhania wameota. Nakala ilipojitokeza mwaka 2013 ndipo mabishano yalipokwisha. Vivyo hivyo kipindi namba 847 cha Februari 1976, ambamo Margaret Hamilton aliigiza mchawi wake wa sinemani. Wazazi waliandika barua wakilalamika kwamba watoto wametishika, na kipindi hakikurudiwa. Kilikuja kuonekana hadharani mwaka 2022, miaka 46 baadaye. Miaka yote hiyo uthibitisho kwamba kiliwahi kuwapo ulikuwa kwenye karatasi na katika hadithi za waliokiona.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wangu: 1970 au 1984, tofauti ni ipi?

Martin Luther King aliuawa Aprili 1968. Miezi kumi na tisa baadaye, televisheni ya umma ikawaonesha watoto wa Marekani mtaa ambamo Weusi na Weupe ni majirani, ambamo mwanamume Mweusi ni mwenye nyumba, ni mume, ni mtu wa kuulizwa na watoto. Mwezi Mei 1970, tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kukizuia kipindi hicho, na sababu iliyoelezwa na mjumbe mmojawapo ni kwamba jimbo halikuwa tayari kwa waigizaji waliochanganyika rangi namna ile. Habari zilivuja magazetini, aibu ikawa kubwa, na baada ya siku 22 tume ikabatilisha uamuzi wake.

Soma tena kipande cha mwanafunzi kwa macho hayo. Mwaka 1984 mtu yule anayezungumza na watoto ni mwigizaji anayefanya kazi yake. Mwaka 1970 ni mtu ambaye chombo cha dola kilipiga kura asionekane. Picha ni ileile, maneno ni yaleyale. Ukiihamisha kwa miaka kumi na minne unaiondolea ujasiri wake, na wakati huohuo unaisamehe Mississippi bila Mississippi kuomba radhi.

Ndiyo maana naona kazi ya mashabiki wale kuwa utumishi wa umma. Baada ya nusu karne taasisi zenyewe ziliwafuata: vipindi vinavyokaribia 4,500 vilikabidhiwa kwenye hifadhi ya utangazaji wa umma inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na kituo cha WGBH cha Boston. Lakini kazi ya kupanga na kutambua haikusubiri taasisi.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tanzania nasi tuliwahi kuwa na ndugu wa mtaa ule, Kilimani Sesame, kilichozungumza na watoto wetu kwa Kiswahili, pamoja na mambo mengine, juu ya malaria. Kina umri mdogo kiasi kwamba waliokitengeneza bado wako kazini. Huu ndio wakati wa kuwauliza nani alirekodi nini na lini, kabla shabiki wa mwaka 2060 hajalazimika kukisia kwa rangi ya manyoya.

Na si vikaragosi tu. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, hivyo sehemu kubwa ya kumbukumbu zetu za kabla ya hapo ni kanda za redio, filamu na picha za mnato. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo tangu mwaka 2002, lakini sheria haiandiki nyuma ya picha. Anayeandika ni karani. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, ukipiga picha ya mkutano leo, andika siku, mahali na majina. Mwanaharakati, kabla hujasambaza video ya mabomu ya machozi, uliza ilirekodiwa lini. Anayeshindana nawe atauliza, na ukikosa jibu, ukweli wako wote utatupwa pamoja na tarehe yako.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki mbili baadaye. Alikuwa amefuta 1984 na kuandika: "Si kabla ya Novemba 1969, si baada ya 1972." Nilimpa alama zote za kipengele hicho. Hakuijua siku kamili, ila alijua mipaka ya anachokijua, na kwa mwanahistoria huo ni mwanzo mwema.