Kambi za msimu wa joto zinavyowanoa wapiga piano chipukizi

MWEZI wa Juni unapowadia, shule na vyuo vingi vya muziki barani Ulaya na nchini Marekani hufungwa kwa likizo ndefu ya msimu wa joto. Kwa wanafunzi wengi, huo ni wakati wa kupumzika. Kwa kijana anayetamani kuwa mpiga piano wa majukwaa makubwa, ndipo kazi huanza. Hufunga mizigo akaelekea kambini, ambako kwa muda wa wiki sita, saba au nane hatakuwa na shughuli nyingine ila muziki.

Ili kuuelewa umuhimu wa kambi hizi, sharti tufahamu kwanza upweke wa ala yenyewe. Mpiga fidla au tarumbeta huketi na wenzake katika okestra tangu utotoni, akajifunza kufuata na kuongoza. Mpiga piano hujifungia chumbani na vibonyezo vyake 88, pengine saa nne hadi sita kila siku, na mara nyingi mwalimu wake humsikiliza saa moja tu kwa wiki. Kwa hivyo anaweza kutimiza miaka 18 akiwa na vidole vyepesi ajabu, ilhali hajajua kumsikiliza mwenzake wala kustahimili macho ya watu. Hilo ndilo pengo ambalo kambi hukusudia kuliziba.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Kuanzia mwaka wa 1869 hadi alipofariki mwaka wa 1886, Franz Liszt, mpiga piano aliyesifika kuliko wote wa karne ya 19, alikuwa akirejea kila mwaka katika mji wa Weimar, Ujerumani, na kuwafundisha vijana waliomiminika kutoka pembe zote za dunia. Hakuwatoza hata senti. Vijana waliweka karatasi za tungo zao juu ya piano, naye akachagua mmoja na kumtaka mwenyewe apige mbele ya wote. Liszt hakupoteza muda kueleza jinsi ya kutumia vidole. Hayo aliyaona kuwa kazi ya kufanyiwa nyumbani. Alichofundisha ni maana ya tungo. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Alexander Siloti, ambaye baadaye alimfundisha Sergei Rachmaninoff.

Mtindo huo wa kumsahihisha mwanafunzi mmoja hadharani ili wote wafaidike, yaani darasa la wazi, ndio nguzo ya kambi hizi hadi leo.

Nchini Marekani kambi zilichukua sura ya taasisi kamili. Mwaka wa 1928 Joseph Maddy alianzisha kambi ya Interlochen msituni katika jimbo la Michigan kwa ajili ya vijana wa shule. Mwaka wa 1940 kiongozi wa Okestra ya Boston, Serge Koussevitzky, alifungua kituo cha mafunzo pale Tanglewood, Massachusetts. Aspen, katika milima ya Colorado, ilifuata mwaka wa 1949, kisha Marlboro, jimboni Vermont, mwaka wa 1951. Barani Ulaya, tamasha la Verbier nchini Uswisi, lililoanza mwaka wa 1994, nalo lina chuo chake cha vijana.

Kambi hizi hazifanani. Interlochen hupokea hata watoto wa shule za msingi. Tanglewood huwalenga vijana waliokwisha kuiva, na wanaofaulu kuingia hawalipi karo. Marlboro, ambayo mpiga piano Rudolf Serkin alikuwa miongoni mwa waasisi wake, huenda mbali zaidi: haina mwalimu wala mwanafunzi. Chipukizi huwekwa katika kundi moja na wanamuziki waliobobea, wakafanya mazoezi ya tungo moja kwa wiki kadhaa. Tungo huchezwa mbele ya hadhira pale tu inapokuwa tayari, na isipokuwa tayari, hakuna anayelaumiwa. Murray Perahia, mmoja wa wapiga piano wanaoheshimika mno wa kizazi chake, alipitia huko ujanani.

Ratiba ya siku kambini haina mzaha. Asubuhi huwa ya mazoezi ya binafsi katika vibanda vidogo, kila kimoja na piano yake. Kisha hufuata somo la ana kwa ana na mkufunzi, na alasiri darasa la wazi au mazoezi ya kundi, ambapo piano hukutana na fidla na selo. Jioni ni tamasha. Asiyepiga huenda kusikiliza. Kijana aliyezoea kuwa bingwa kijijini mwake hugundua mara moja kwamba jirani yake wa chumba cha pili anaipiga tungo ile ile vizuri kumshinda. Wapo wanaovunjika moyo kwa hilo, na wapo wanaoamka.

Kuingia ni mtihani mwingine. Maombi hutumwa miezi mingi kabla, yakiambatana na rekodi ya video. Kwa kawaida huhitajika tungo za enzi mbalimbali: labda Bach, sonata ya Beethoven, na kazi ya karne ya 20. Zaidi ya hayo, isipokuwa pale penye ufadhili, gharama ya karo, malazi na chakula inaweza kufikia maelfu ya dola, bila kuhesabu nauli na viza. Mzazi anayefikiria kuuza shamba kwa ajili hiyo hana budi kukumbuka kuwa cheti cha kambi si ajira. Wanaoishi kwa kupiga piano peke yao jukwaani ni wachache sana duniani. Wengi wa wahitimu huishia kuwa walimu, wasindikizaji wa waimbaji au viongozi wa kwaya, kazi ambazo nazo ni za heshima.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa katika vipeperushi: mkono. Kisa cha Leon Fleisher, aliyezaliwa San Francisco mwaka wa 1928, ni funzo tosha. Msimu wa joto wa mwaka wa 1938, akiwa mtoto bado, alivuka bahari kwenda kufundishwa na Artur Schnabel kando ya Ziwa Como nchini Italia. Akiwa na umri wa miaka 16 alipiga na Okestra ya New York. Kisha, katikati ya miaka ya 1960, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, na mwenyewe alilaumu mazoezi ya kupita kiasi. Kwa takriban miaka 30 alipiga tungo za mkono wa kushoto, akaongoza okestra na kufundisha, hadi matibabu yalipomrejeshea mkono kwa kiasi. Kati ya mwaka wa 1986 na 1997 alikuwa mkurugenzi wa kisanaa wa kituo cha Tanglewood, akiwanoa vijana wa rika alilokuwa nalo siku za nyota yake ya kwanza. Alifariki mwaka wa 2020.

Ndiyo maana wakufunzi makini siku hizi huhimiza mapumziko kati ya vipindi, na humtaka mwanafunzi aseme mara moja anapohisi maumivu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa chipukizi wa Kenya, njia huanzia karibu. Chuo cha Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi kilianzishwa mwaka wa 1944, na mitihani ya piano ya bodi ya ABRSM ya London imekuwa ikifanyiwa nchini kwa miaka mingi. Hata hivyo, mitihani hupima mtu mmoja. Mzazi au mwalimu asiyeweza kugharimia safari ya ng'ambo anaweza kuanza na lile ambalo Liszt alilifanya bila malipo: kuwakusanya vijana watano au sita wakati wa likizo ya Agosti, kila mmoja apige mbele ya wengine, asikie maoni yao, kisha amsindikize mwenzake anayeimba. Piano moja iliyotengenezwa sauti vizuri inatosha kuwahudumia wote.