Masista wa Réunion na Njia ya Watumwa

Mtu wa Kwale hahitaji kwenda mbali kuuona utumwa. Shimoni kuna mapango walimofungiwa watumwa. Gazi ipo nyumba ya kiongozi wa Wamazrui, Mbaruk bin Rashid, ambayo baadaye ikawa shule. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa Juni 1873, wafanyabiashara waliikwepa bahari wakashika njia ya nchi kavu: misafara ilipanda kutoka Kilwa, ikapita Vanga na Gazi ikielekea Mombasa na Malindi, hadi Sultani Barghash alipoipiga marufuku mwaka 1876. Waliouza na walionunua tunawataja kila siku. Waliowauguza watu wale hatuwataji, na hilo linaniuma.

Kati yao walikuwemo Mabinti wa Maria, masista kutoka kisiwa cha Réunion. Huko utumwa ulifutwa Desemba 1848, na mwaka uliofuata, kijijini Rivière-des-Pluies, Aimée Pignolet de Fresnes, binti wa ukoo wa walowezi, alianzisha shirika hilo akisaidiana na Padri Frédéric Levavasseur. Mwanamke aliyekuwa mali ya mtu mwaka mmoja tu nyuma aliweza kuweka nadhiri na kuvaa vazi moja na binti wa mwenye shamba. Katika kisiwa kilichoishi kwa miwa na jasho la watumwa, hilo lilikuwa jambo zito kuliko hotuba yoyote.

Desemba 1860 masista sita walishuka Unguja pamoja na Padri Armand Fava, enzi za Sultani Majid. Palifunguliwa hospitali, shule na karakana. Kazi ya masista ilikuwa ile isiyoandikiwa vitabu: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kulisha asiyeweza kujilisha, kumfunika aliyekata roho. Serikali ya Unguja ilikuwa ya Kiislamu, na mgonjwa Mwislamu alihudumiwa kama mwingine.

Mwaka 1868 misheni, iliyokuwa sasa mikononi mwa Mapadri wa Roho Mtakatifu chini ya Padri Antoine Horner, ilivuka hadi Bagamoyo, na masista wakavuka nayo. Wasichana waliokombolewa wakawa chini yao. Hawakupata nafasi ya kupumua: kipindupindu kiliingia mwambao mwaka uliofuata, na Aprili 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila walichojenga. Wakaanza upya.

Haki itendeke katika kusimulia. Watoto wengi waliolelewa na misheni walinunuliwa sokoni ndipo wakaitwa huru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa na kengele ya alfajiri, jembe shambani, na ndoa iliyopangwa chini ya macho ya wamisionari. Wapo waliotoroka. Msichana aliyekuja bila ndugu hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumsemea. Kumsifu sista aliyemtibu hakutuzuii kuuliza kama msichana huyo aliwahi kuulizwa anataka nini. Mimi naona sifa hiyo na swali hilo vyote vinastahili kubaki.

Anayefika Bagamoyo leo ataingia makumbusho yaliyomo ndani ya nyumba ya zamani ya masista. Nje upo mbuyu uliomeza mnyororo, na wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Wenyeji husimulia vingine: ulikuwa wa punda wa Madame Chevalier, mwanamke Mfaransa aliyefanya kazi ya uuguzi hapo. Alimfunga punda wake, mti ukakua, chuma kikazama ndani ya gome. Makaburini wamelala wamisionari wengi waliokufa kabla ya uzee, masista wakiwemo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua vituo Mombasa na Bura, kazi iliyokua hadi kuwa Jimbo Kuu la Mombasa, ambalo Kwale nzima imo ndani yake. Kwa hiyo historia hii si ya Watanzania peke yao. Waongozaji wa wageni pale Shimoni wanaoeleza kwa ufasaha jinsi watu walivyofungwa wangeweza kuongeza dakika mbili, wakawataja wanawake sita walioshuka Unguja mwaka 1860 na wasichana waliolelewa mikononi mwao.